Mafundi, kazeni bushi gari likiwa limekanyaga chini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niseme na mafundi magari, na wenye magari yaliyokula chumvi kama langu, juu ya kitu cha raba na chuma kinachoenea kiganjani, kinachokaa pale mikono ya chuma inayoshika magurudumu inapoungana na bodi: bushi.

Mimi ni fundi cherehani wa Ngamiani, hapa Tanga, mwaka wa 22 sasa. Gari ninaloendesha ni Toyota Altezza RS200 la mwaka 2001, nililoachiwa na marehemu kaka yangu. Mara moja au mbili kwa mwezi huenda nalo Kariakoo kuchukua vitambaa, kilomita kama 350 kwenda na nyingine kama hizo kurudi, buti likiwa limejaa majora mpaka gari linakaa nyuma.

Shida ilianza kwa sauti. Nikipita rasta za Kabuku, mbele upande wa kushoto paligonga "ko", mara moja tu, kama mlango wa kabati la mbao uliofungwa chumba cha pili. Nikadhani ni jeki imelegea kwenye buti. Nikaifunga kwa kamba, sauti ikabaki. Baada ya wiki kadhaa stelingi nayo ikaanza kutangatanga. Nikifika mwendo wa 90 nalazimika kulirudisha gari njiani kila mara, kidogo huku, kidogo huku, kama unavyoongoza hariri chini ya sindano isikimbie upande. Tairi za mbele zikaanza kulika upande wa ndani tu, mpaka nyuzi zikaonekana, na upande wa nje una meno kama mpya.

Siku nisiyoisahau ni ya Mkata. Lori la mbele yangu lilifunga breki ghafla. Nilikuwa kwenye 80 hivi. Nikakanyaga breki, na gari badala ya kusimama kwenye njia yake likavutika kulia, upande wa basi lililokuwa linakuja. Tairi haikupasuka, breki hazikukata. Gari lilisimama, lakini lilisimama limeshapanda mstari wa katikati. Dereva wa basi alipiga honi tangu aliponiona mpaka aliponipita. Nilisogea pembeni nikashuka, nikakaa chini ya mti, miguu haina nguvu. Mama mmoja aliyekuwa anachoma mahindi aliniletea maji na kunifungulia kanga kifuani. Sijui jina lake, lakini namwombea mpaka leo.

Gereji ya kwanza niliyokwenda waliliangalia gari likiwa limesimama nje, wakalibonyeza boneti kwa mikono, wakasema shokapu zimekufa. Nikatoa shilingi 520,000 za shokapu nne za mtumba pamoja na ufundi. Sauti ikabaki palepale. Wakaniambia basi ni alaimenti, yaani magurudumu hayajakaa kwenye mstari wake. Nimefanya alaimenti mara tatu katika miezi miwili, 30,000 kila mara. Kwenye mashine namba zote zinakuwa za kijani, nalipa, naondoka, na kabla sijafika Muheza gari limesharudia tabia yake. Leo najua kwa nini. Alaimenti hupimwa gari likiwa limetulia. Kama bushi imechoka, ukikanyaga breki tu mkono unaoshika tairi unarudi nyuma, tairi inageuka, na kile kipimo ulichokilipia hakipo tena. Kupima alaimenti juu ya bushi mbovu ni kumpimia mtu suruali huku anatembea.

Niseme kidogo juu ya gari lenyewe, maana watu wengi wananiambia niliuze. Mafundi wawili wameniambia, "Mama, hii gari ya vijana, tafuta Raum, gari la familia, utulie." Altezza ilianza kuuzwa Japani mwaka 1998, ikachaguliwa kuwa Gari la Mwaka la Japani la msimu wa 1998/1999, na ikaacha kutengenezwa mwaka 2005. RS200 yenye gia za mkono ina gia sita, injini ya lita mbili ya silinda nne, nguvu za farasi 210 ikifika mizunguko 7,600 kwa dakika. Gari la namna hiyo haliendi vizuri kwa sababu ya injini peke yake. Kila gurudumu limeshikwa kwa mkono wa juu na mkono wa chini, mbele na nyuma, na kila mkono unapoungana na bodi pana bushi. Usikivu wote ambao kaka yangu aliupenda, ile hali ya kugeuza stelingi kidogo tu na gari likakufuata, umekaa juu ya raba hizo. Na raba inazeeka hata gari likiwa limeegeshwa. Joto linaikausha, hewa inaipasua, oili inayovuja inaivimbisha. Altezza changa kuliko zote ina miaka 20 hivi. Kwa hiyo ninaposikia mtu anasema "magari haya yana matatizo ya kuyumba," namwuliza: umeshabadilisha bushi? Bado sijakutana na aliyenijibu ndiyo.

Aliyegundua ugonjwa ni kijana wa gereji ya pili. Alitumia njia ambayo kila mwenye gari anaweza kuifanya leo uani kwake, akiwa na mtu wa kumsaidia. Alinichuchumaza pembeni ya tairi la mbele, mbali kidogo, akaniambia nitazame nafasi kati ya tairi na bodi. Mwenzake akaingia ndani, akaweka gia ya kwanza, akasogeza gari hatua moja na kufunga breki. Kisha rivasi, hatua moja, breki. Nikaona kwa macho yangu tairi zima linarudi nyuma na kwenda mbele ndani ya upenyo wake, upana wa kidole changu cha shahada. Tairi la kulia halikutikisika. Kisha akaingia chini na mtaimbo, akaupenyeza kati ya mkono wa chini na bodi, akasukuma kidogo, na ile sauti ya "ko" ikatoka. Nililia. Miezi minne nimeitafuta sauti ile.

Kugundua aligundua vizuri, na namshukuru. Kutibu ndiko kulikoharibika. Kwanza alinikerezea bushi za nailoni, kwa kuwa ndizo rahisi. Zililia kama mlango wa kaburi, stelingi ikatetemeka mikononi, na mwezi wa pili tundu lilikuwa limeshakuwa umbo la yai. Nailoni haijikunji. Inasagika tu, na mchanga ukiingia inasagika upesi zaidi. Nikaagiza bushi halisi za raba kutoka Dar es Salaam, mbili mbili kila upande, ya mbele ndogo na ya nyuma kubwa. Akazifunga siku moja, gari likiwa juu ya stendi, miguu inaning'inia. Akazipaka oili ya injini ziingie, akazigonga kwa nyundo, akakaza kila kitu kwa nguvu zake zote, akashusha gari. Lilikwenda vizuri ajabu. Nilifika Kariakoo na kurudi nikiimba.

Miezi minne baadaye, "ko".

Ndipo nilipopelekwa kwa mzee mmoja mwenye gereji ya shimo, jirani na anapokaa shangazi yangu. Nikamwamkia, nikamweleza kila kitu. Hakunikatiza. Aliitoa ile bushi, akaifuta kwa kitambaa, akaniwekea mkononi. Nikaona mpasuko umekwenda nusu duara, msafi, kama umekatwa kwa wembe, na raba yenyewe bado laini, bado inanukia upya. Akaniuliza, "Mwanangu, huyu aliyekufungia alikaza gari likiwa juu au likiwa chini?" Nikamwambia juu. Akatikisa kichwa, akanitafutia kigoda.

Alichonieleza nakiandika hapa kwa namna nilivyokielewa, kwa sababu ndicho kilichonifanya nichukue kalamu. Bushi ya raba ina ganda la chuma nje na bomba la chuma ndani, na raba imegandishwa kwenye vyuma vyote viwili tangu kiwandani. Ganda la nje linabanwa ndani ya mkono. Bomba la ndani linapitiwa na boliti. Boliti ikikazwa, bomba lile linashikamana na bodi, halizunguki tena. Basi gari likipita kwenye shimo na mkono ukapanda na kushuka, hakuna kinachoteleza wala kuzunguka. Raba yenyewe ndiyo inayojinyonga na kujinyongoa. Imeumbwa kwa kazi hiyo, lakini ina kiasi. Inaweza kwenda juu kiasi fulani na chini kiasi fulani, kuanzia pale ilipokazwa. Ukiikaza mkono ukiwa umening'inia, raba inadhani pale ndipo katikati. Ukishusha gari, kabla hujatembea hata mita moja, imeshanyongwa. Inalala imenyongwa, inaamka imenyongwa, na kila tuta linaiongezea mnyongo juu ya mnyongo, mpaka inachanika.

Nilimwelewa kabla hajamaliza. Mteja akija kupimwa akiwa ameinua mikono juu, nikamkatia blauzi kwa kipimo kile, akishusha mikono nguo inajikunja begani. Akienda harusini akacheza, mshono wa kwapa unaachia. Uzi ulikuwa mzuri, kitambaa kizuri, sindano nzuri. Kipimo ndicho kilichochukuliwa mwili ukiwa katika hali ambayo si yake ya kila siku. Sisi mafundi cherehani tunafundishwa jambo hilo wiki ya kwanza: msimamishe mteja, ashushe mikono, apumue kawaida, ndipo upime.

Kazi ya mzee ilichukua siku mbili. Kabla ya kugusa boliti yoyote aliniomba chaki yangu ya kuchorea vitambaa, akaweka alama zilipokaa. Bushi kuukuu hakuzigonga. Alizisukuma kwa presi, kwa kipande cha bomba kilichoegemea ganda la nje tu, si raba. Ndani ya tundu alipiga msasa mwembamba mpaka kutu ikaisha. Mimi nilikuwa nimembebea kopo la grisi, akaliweka pembeni akataka maji ya sabuni, kwa kuwa grisi na oili zinazotokana na petroli zinailainisha raba na kuiua polepole, na sabuni ikikauka haina madhara. Bushi ya nyuma aliigeuza mara mbili kabla ya kuiingiza, akaniambia nyingine zina alama na zina upande wake, ukiweka kinyume imeharibika kabla ya safari. Boljointi, vile viungo vinavyounganisha mikono na gurudumu, alizikagua wakati huohuo, maana zimeshafunguka na ni ujinga kufunga juu ya kitu kinachokaribia kufa. Moja alibadilisha.

Kisha akafunga boliti zote kwa mkono tu, zikawa zimeshika lakini hazijakaza. Akarudisha magurudumu, akashusha gari, likakanyaga sakafu. Akaniambia niweke majora yangu kwenye buti kama ninavyoyabeba siku zote, nami nikayaleta kwa bajaji, safari mbili. Vijana wawili wakalisukuma gari chini mbele na nyuma mara kadhaa mpaka likatulia kwenye kimo chake. Ndipo mzee akashuka shimoni, akakaza boliti moja moja kwa spana ya kupimia nguvu, kwa kipimo cha kitabu. Nilikuwa nimesimama juu ya shimo nasikia "ti", "ti", kila moja inapofika. Baada ya hapo ndipo akanituma kwenye alaimenti, mara moja, na mpaka leo, mwezi wa 14, sijarudi. Tairi zinalika sawasawa. Wiki iliyopita mbuzi alinikatizia barabara karibu na Msata, nikakanyaga breki yote, gari likasimama limenyooka kama rula.

Kazi yote, bushi nne, boljointi moja na alaimenti, ilinigharimu 410,000. Chini ya shokapu zile ambazo sikuzihitaji.

Sasa nina maneno kwa watu watatu.

Mafundi, wengi wenu mna mikono mizuri, nimewaona mnavyohangaika juani. Kukaza gari likiwa chini hakuongezi gharama kwenu zaidi ya nusu saa. Kama hamna shimo, mbao nene nne chini ya magurudumu zinatosha kumpa mtu nafasi ya kuingia na spana, ilimradi gari limesimama kwa magurudumu yake na limezuiwa lisisogee. Na mteja akija na malalamiko ya kuyumba na kugonga, anzeni na mtaimbo kabla ya kumtajia shokapu.

Vijana mnaoshusha magari, nawaambia kwa upendo, kwa sababu najua mnayapenda kama ninavyolipenda langu. Ukikata springi au ukaweka fupi, kimo cha gari kimebadilika, na bushi zilizokazwa kwenye kimo cha zamani zimenyongwa zote, za mbele na za nyuma, hata kama ni mpya. Legezeni boliti zote, lishusheni likae, ndipo mkaze upya. Najua pia wengi mnataka bushi za poliyurithani, zile ngumu za rangi. Zina kazi yake. Zile hazigandi na chuma, zinateleza, kwa hiyo hili la kunyongwa haliziumi. Lakini zinahitaji grisi yake maalumu, vumbi likiingia zinalia, na mtikisiko wote wa barabara unakwenda kwenye bodi na mgongoni kwako. Kwa uwanja wa mashindano, sawa. Kwa mtu anayetoka Tanga na kurudi siku hiyohiyo, na michepuko ya vumbi kila barabara inapotengenezwa, mimi nasema raba halisi.

Wenye maduka ya spea, tafadhali acheni kutuuzia mikono ya mtumba kwa maneno ya "ina bushi zake za Japani". Mkono wenyewe ni chuma, unaweza kuwa mzima kabisa, sina ugomvi nao. Bushi iliyomo ndani ina umri uleule wa ile ninayoitoa. Semeni hivyo kwa mnunuzi, aamue kununua mkono na bushi mpya pamoja.

Na kwako wewe Mhariri, ombi moja. Habari za ajali tunazisoma kila wiki, na kila mara dereva "alishindwa kulimudu gari". Huenda ni kweli alikuwa anakimbia. Siku ile ya Mkata mimi sikuwa nakimbia, na kama basi lingekuwa limesogea nusu mita zaidi, mngeandika maneno hayohayo juu yangu, na watoto wangu wangeyasoma na kuyaamini. Naomba waandishi wenu wanapofika kwenye gari lililoharibika, mbali na kuuliza mwendo na tairi, wamwulize pia mkaguzi kama kuna mtu aliyetazama chini.

Ile bushi iliyochanika ninayo. Nimeihifadhi kwenye kopo la vifungo, juu ya meza ya kukatia, pamoja na ile ya nailoni yenye tundu la yai na ile ya kwanza kabisa aliyozaliwa nayo gari, ambayo raba yake imekauka ikawa kama mkate wa juzi. Mwandishi wenu wa Tanga akitaka kuzipiga picha zitoke gazetini, milango yangu iko wazi kuanzia saa mbili asubuhi, isipokuwa siku za kwenda Kariakoo.

Wenu,
Fundi cherehani,
Ngamiani, Tanga